Bando likikata, cheza na dinosaria wa Chrome

Ule ukurasa wa "hakuna intaneti" wenye kidinosaria, tangu 2014 umeficha mchezo. Kwenye kompyuta bonyeza spesi. Kwenye simu mguse dinosaria mwenyewe. Huna haja ya kuzima data: andika chrome://dino sehemu ya anwani.

Dinosaria hukimbia mwenyewe, wewe unamrusha juu ya kaktasi, ile mimea ya miiba iliyo njiani. Wengi huigonga kwa sababu ya kuruka juu mno. Bonyeza spesi kidogo tu, aruke kimo kifupi, ukiishikilia anapaa. Akiwa hewani, mshale wa chini humshusha haraka, na kasi ikiongezeka hiyo ndiyo itakayokuokoa.

Baadaye huja ndege. Wa chini mruke, wa katikati inama kwa mshale wa chini, wa juu mwache apite. Ukiruka kwa woga ndipo atakapokupata. Kwenye simu hakuna kuinama, ila yule wa katikati naye hayupo.

Pointi 700 zikifika kunakuwa usiku. Rangi zikigeuka ghafla macho huyumba, basi tazama upande wa kulia, si dinosaria.

Kompyuta ya ofisini ikigoma kuufungua, huenda msimamizi wa mtandao kaufunga. Hilo hulitatui kwa spesi.