Kagua gari kuukuu injini ikiwa baridi

Katika miaka yote ya kununua, kutengeneza na kuuza magari yaliyochakaa, nimezoea kumwomba muuzaji asiliwashe gari kabla sijafika, na kitu cha kwanza ninachogusa ni boneti. Ikiwa ya moto, huenda injini imepashwa makusudi ili ugumu wake wa kuwaka usionekane. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha oili: ute wenye rangi ya chai ya maziwa huweza kuashiria kwamba maji ya rejeta yanaingia kwenye oili, mara nyingi kupitia gasketi ya silinda hedi iliyoungua, yaani kizibo bapa kilicho kati ya kichwa cha injini na bloku yake, ijapokuwa gari la safari fupi fupi hupata ute kidogo kwa unyevu tu. Chomoa basi kijiti cha kupimia oili. Ukikuta rangi hiyo hiyo huko chini, hesabu gharama ya kufungua injini kabla ya kutaja bei.