Kioo cha Laptopu Kuukuu Kikizima

Usikimbilie kununua kioo. Washa laptopu gizani, umulike kioo kwa tochi kutoka pembeni. Ukiona maandishi hafifu, picha ipo. Kilichokufa ni taa ya nyuma au umeme wake. Usipoona kitu, unganisha skrini ya nje kwa waya wa VGA au HDMI. Nayo ikiwa giza, shauku ya kioo kipya iache: kagua ramu (kumbukumbu ya laptopu) kwanza, kisha bodi kuu.

Picha ikimeta-meta unapoinua mfuniko, waya wa kioo umechubuka kwenye bawaba. Anza na huo, ni rahisi zaidi.

Kubadilisha kioo: zima, chomoa chaja, toa betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15. Ng'oa fremu kwa kadi ya plastiki, fungua skrubu, laza kioo juu ya kibodi. Bandua utepe wa soketi kabla ya kuchomoa waya. Ukivuta kwa pupa, pini hupinda. Agiza kwa namba ya stika iliyo nyuma ya kioo, si kwa jina la laptopu, maana modeli moja hutoka na vioo tofauti, na cha pini 40 hakiingii soketi ya pini 30.

Laptopu za zamani zenye taa ya mrija zina inveta, kifaa kinachoipa taa hiyo umeme, ya volti mamia kadhaa. Usiiguse ikiwa imewashwa.