Kabla kimbunga hakijafika pwani: mambo ya kuzingatia mapema

Watu wa pwani tukisikia kimbunga kinakuja, swali la kwanza ni kinaitwaje na kina spidi ngapi, alafu tunakaa kusubiri upepo. Mi naona hayo ni maswali ya mwisho kabisa. Cha kwanza uliza jicho lake, yaani katikati yake, linatarajiwa kupita wapi na wewe utakuwa upande gani wa hilo jicho, kwa sababu huku kwetu kusini mwa ikweta vimbunga vinazunguka kufuata mishale ya saa, sasa kikija kutoka mashariki kuelekea bara, walioko kusini ya jicho ndo wanapigwa na upepo unaotoka baharini moja kwa moja, unasukuma maji kuja nchi kavu na mvua juu yake, wakati walioko kaskazini upepo wao unatoka bara kwenda baharini. Kimbunga Hidaya kilivyoingia Mafia tarehe 4 Mei 2024, Kilwa ilikuwa upande ule mbaya, mvua ilimwagika vibaya sana na barabara ya kusini ikakatika maeneo ya Somanga, magari yakakwama. Mtu aliyekuwa Dar na mtu aliyekuwa Kilwa wakikusimulia Hidaya utadhani wanaongelea vimbunga viwili tofauti. Kwa hiyo kabla hujanunua hata mshumaa, chukua ramani ya utabiri wa kimbunga, weka kidole pale ulipo, angalia mstari wa jicho unapita kaskazini yako au kusini yako.

Na hiyo ramani yenyewe inasomwa vibaya sana. Lile eneo linaloanza jembamba likazidi kutanuka mbele sio ukubwa wa kimbunga, ni sehemu ambazo jicho linaweza kupita, linatanuka kwa sababu utabiri wa kesho una uhakika kuliko wa siku tatu mbele. Upepo na mvua vinafika nje kabisa ya hilo eneo, kwa hiyo kuwa nje ya mchoro sio kusalimika. Na kuwa ndani yake pia sio lazima upigwe. Aprili 2019 watu wa Mtwara waliambiwa wahame mabondeni na kwenye nyumba dhaifu, kimbunga Kenneth ikaenda kupiga Cabo Delgado, Msumbiji, na ilipiga kwelikweli. Kuna watu mpaka leo wanasema Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitutisha bure, jamani hapana! Kimbunga kikisogea kidogo tu kusini baharini, huku nchi kavu inakuwa mkoa mwingine au nchi nyingine. Kimbunga Jobo Aprili 2021 nayo ilikuwa inakuja usawa wa Dar ikanywea kabla haijafika. Kujiandaa alafu kisije ni hasara ndogo sana. Alafu hapohapo, ukisikia kwenye taarifa za vimbunga "Pemba" angalia vizuri, mara nyingi ni Pemba mji wa Msumbiji na sio kisiwa chetu, watu wana ndugu Wete na Chake wanapata presha bure.

Kuhusu taarifa, fuata TMA kwanza, yaani hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wanatoa kwa ngazi, angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, na ukisoma usiishie kwenye rangi, soma ule mstari wa athari zinazoweza kujitokeza maana ndo unakwambia usafiri wa baharini utasimama, makazi yatazingirwa na maji na kadhalika. Kituo kinachofuatilia vimbunga vya ukanda wetu wote kiko Réunion, wanatoa taarifa kila baada ya masaa sita kimbunga kikiwa hai, na muda wao unaandikwa UTC, saa ya kimataifa, kwa hiyo ongeza masaa matatu, 12 UTC kwetu ni saa 9 alasiri. Hili la muda nalisisitiza kwa sababu kwenye magrupu ya WhatsApp inazunguka picha ya juzi watu wanapanga safari nayo leo, au mtu anaforwadi ramani ya kimbunga Idai ya 2019 anasema hiki hapa kinakuja! Picha isiyo na tarehe na saa usiitume mbele. Na nunua betri za redio sasa hivi, minara ya simu inategemea umeme na ikikata bando lako halikusaidii chochote.

Usidharau pia kwa sababu hakijaitwa kimbunga kamili. Upepo wa kilometa 63 mpaka 117 kwa saa unahesabiwa dhoruba tu, kimbunga kamili kinaanzia 118, ila bati lililolegea halisubiri hiyo 118.

Sasa bahari, na hapa ndo nataka watu watulie wasome. Kimbunga kinainua maji kwa njia mbili, upepo unayasukuma na mgandamizo wa hewa ukishuka bahari inavimba, kama sentimita 1 kwa kila milibari 1 inayopungua. Hayo maji yanakaa juu ya maji yaliyopo siku hiyo, kwa hiyo hesabu ya bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi giza) na maji mafu (maji madogo ya nusu mwezi) ambayo wazee wetu wanaijua kwa kuangalia mwezi tu ni sehemu ya utabiri kabisa. Kwetu tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua inapita mita 3, kimbunga kilekile kikifika maji yamekupwa au kikifika bamvua limejaa mpaka juu ni habari mbili tofauti. Hidaya ilikuja mwezi umebakiza siku nne hivi kuwa giza, yaani maji yalikuwa ndo yanatoka kwenye maji mafu. Ingechelewa hizo siku nne tungekuwa na hadithi nyingine kabisa Kilwa Kisiwani na Songosongo. Kwa hiyo uliza, jicho linatarajiwa saa ngapi na maji yanajaa saa ngapi, nyakati hizo mbili zikikaribiana na wewe unakaa chini karibu na ufuo, ondoka mapema mchana, usisubiri usiku.

Wenye ngalawa na mashua, kupandisha chombo kunataka watu wengi na maji ya kujaa, ukisubiri upepo uanze umeshachelewa, mawimbi yanatangulia kimbunga na yanaweza kukufikia jua bado linawaka na anga safi. Toa mashine, funga chombo mbali na mstari wa maji ya bamvua. Boti za Dar na Zanzibar zikisitishwa usitafute chombo cha pembeni eti una haraka, tafadhali sana.

Nyumbani ni mambo ya haraka. Gongelea mabati, kata matawi ya mwembe au mnazi ulioegemea nyumba, jaza maji kwenye madumu kwa sababu visima vikiingiwa na mafuriko hayanyweki bila kuchemshwa au kutiwa dawa. Chaji simu na pawabanki. Vyeti, hati na kadi za kliniki weka kwenye mfuko wa plastiki. Mjamzito aliyekaribia na mgonjwa wa dawa za kila siku wasogezwe karibu na hospitali barabara ingali inapitika, hili ndo linasahaulika kuliko yote.

Na ardhi yenyewe iangalie. Kabla ya Hidaya, Rufiji na Kibiti walikuwa tayari kwenye mafuriko Aprili ileile, udongo umeshashiba, mvua yoyote inayoongezeka haina pa kwenda. Ndo maana kimbunga kikitangazwa kimepungua nguvu usifungue madirisha kushangilia, upepo unakufa lakini maji yanaendelea kushuka, daraja linaweza kwenda siku ya pili yake. Na jicho likipita juu yenu kabisa kunakuwa shwari ghafla, ni muda mfupi tu, upepo unarudi kutoka upande wa pili, msitoke kwenda kuangalia boti.

Wanaosema pwani yetu haina vimbunga niwakumbushe Zanzibar Aprili 1872, mikarafuu ya Unguja ililala chini na meli za Sultani Barghash zikaharibika, na Lindi Aprili 1952. Ni nadra kwa sababu tuko karibu na ikweta, ila Mtwara na Lindi ziko mbali nayo kuliko Tanga. Msimu wa kawaida ni Novemba mpaka Aprili, Hidaya ikaja Mei, kwa hiyo hata masika yakiwa yanaisha endelea kusikiliza taarifa, na nenda kamuulize mwenyekiti wa mtaa au sheha wako leo hii ni shule gani au msikiti gani watu watapelekwa, nani ana ufunguo, na mzee asiyeweza kutembea nyumba ya tatu kutoka kwako atabebwa na nani.