Gemu za akili kwa wazee: jinsi ya kuzitumia zisaidie kweli

Kama una mzazi kafika miaka 65 na kwenda juu, unataka kumwekea gemu za kunoa akili kwenye tableti, jua kwanza kwamba nyingi zinamfanya mtu awe fundi wa hiyo hiyo gemu tu basi. Mwaka 2016 kampuni yenye Lumosity, apu ya gemu za akili kule Marekani, ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya serikali kuibana kwa matangazo ya kuzuia usahaulifu wa uzeeni bila ushahidi wa kutosha. Kwahiyo apu ikiahidi hivyo, hela yako kaa nayo.

Yenye matokeo ya kueleweka ni mazoezi ya kasi ya akili, yaani kuona na kutambua vitu haraka. Inakuwa hivi: gari linatokea katikati ya skrini, hapo hapo na kitu kingine pembeni, kufumba na kufumbua vimepotea, mzee aseme kaona gari gani na kile cha pembeni kilikuwa wapi, akipatia basi picha inazidi kukaa muda mfupi. Utafiti wa ACTIVE wa Marekani uliwapa wazee vipindi 10 tu vya saa moja na kitu, wengine wakaongezewa vya marudio, na miaka 10 mbele kasi yao bado ilikuwa juu, wakati waliofundishwa mbinu za kukariri faida ilishayeyuka.

Sasa usimwachie tableti ukaenda zako, hapa ndo wengi tunakosea. Majumuisho ya 2014 ya tafiti zaidi ya 50 yalionesha anayecheza nyumbani bila msimamizi hapati faida, na kucheza zaidi ya mara 3 kwa wiki nako hakusaidii. Panga jumatatu, jumatano na ijumaa, nusu saa au zaidi kidogo, asubuhi akiwa hajachoka, wewe au mjukuu mkae naye, na gemu ikishakuwa rahisi mpandishie levo maana akicheza kirahisi hajafanya zoezi.

Kabla ya yote mpime macho, masikio na presha, tena presha ndo usiifanyie mchezo kabisa. Kule Finland utafiti wa FINGER ulichanganya chakula, mazoezi ya mwili, ya akili na kufuatilia presha na sukari, ndo akili za wazee zikaonesha nafuu baada ya miaka 2. Kwahiyo siku zisizo na gemu mtoe mkatembee.

Na kama ameanza kupotea njia ya nyumbani au kurudia swali lile lile kila dakika, tafadhali mpeleke hospitali, gemu isubiri.