Kuhama Kampuni ya Bima ya Gari Kabla Muda Haujaisha: Mwongozo kwa Mmiliki wa Gari Tanzania

Mwenye gari anayetaka kuachana na kampuni yake ya bima katikati ya mwaka ana sababu zake: fidia iliyocheleweshwa, wakala asiyepokea simu, au gari limeuzwa na lingine limeshanunuliwa. Mkataba wa bima ya gari huwa unamruhusu kujitoa kwa kutoa taarifa ya maandishi, na sehemu ya ada aliyolipa anaweza kurudishiwa. Kinachowaponza wengi ni mpangilio. Mtu anaifuta bima ya zamani Ijumaa asubuhi, anaahidiwa stika mpya jioni, mtandao unagoma, na Jumamosi yuko barabarani na gari lisilo na bima yoyote. Sheria ya Bima ya Magari, Sura 169, inataka kila gari linalotumika barabarani liwe angalau na bima ya kufidia watu wengine, na haina kipengele kinachomsamehe mtu aliyekuwa njiani kuhama. Kwa hiyo kanuni inayotawala hatua zote zinazofuata ni moja: bima mpya ianze kusomeka kwanza, ndipo ya zamani ifutwe.

Anza kwa kuangalia una bima ya aina gani, kwa sababu jibu hilo linaweza kukuokolea safari nzima. Mwenye bima ndogo ya gari binafsi, yaani ile ya kufidia watu wengine tu, amelipa ada ya shilingi 100,000, ambayo pamoja na VAT ya asilimia 18 inafika 118,000. Akihama ikiwa imebaki miezi mitatu, atakachorudishiwa, kama kipo, hakitalipa hata muda wa kukifuatilia. Ushauri wangu kwake ni asubiri iishe, achague kampuni nyingine wiki mbili kabla, na aombe stika mpya ianze siku inayofuata baada ya ile ya zamani kumalizika. Kuhama katikati ya mwaka ni jambo la kupigia hesabu kwa mwenye bima kubwa, ile inayofidia pia gari lake mwenyewe.

Hesabu yenyewe iko hivi. Chukua gari binafsi lenye thamani ya shilingi milioni 20, lililokatiwa bima kubwa kwa asilimia 3.5. Ada ni 700,000. Ukiongeza VAT ya 126,000 unapata 826,000. Bima ilianza tarehe 15 Machi 2025 na inaisha tarehe 14 Machi 2026, na mwenye gari anataka kuondoka kuanzia tarehe 15 Novemba, zikiwa zimebaki siku 120. Angefikiri kwamba atarudishiwa ada ya siku hizo 120 kati ya 365, yaani takribani 230,000. Hesabu hiyo ya siku kwa siku ndiyo hutumika kampuni yenyewe inapoamua kusitisha mkataba. Mteja anapojitoa kwa hiari, mikataba mingi hutumia jedwali la muda mfupi, ambalo linaihesabia kampuni sehemu kubwa zaidi kuliko siku zilizotumika. Tuseme jedwali katika mkataba wake linasema aliyetumia miezi minane anakatwa sehemu saba kati ya nane za ada ya mwaka: kampuni itabaki na 612,500, naye atapata 87,500. Tofauti kati ya 230,000 na 87,500 ndiyo gharama halisi ya kuhama, na haionekani popote kwenye karatasi ya bei ya kampuni mpya. Jedwali hilo limo ndani ya mkataba kamili, ule wa kurasa nyingi ambao wateja wengi hawajawahi kuuomba kwa kuwa walipokea kava noti, yaani hati fupi ya kuthibitisha bima, na stika wakaridhika. Uombe, usome kifungu cha kusitisha, na uangalie mambo mawili: jedwali linasemaje kwa miezi uliyotumia, na kama kuna urejeshaji wowote ikiwa umeshalipwa fidia ndani ya mwaka huo. Kwa kawaida aliyekwisha kulipwa fidia harudishiwi ada.

Ukishajua utakachopoteza, linganisha na utakachopata, na hapa bei isikupe kiwewe. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, huweka viwango vya chini vya ada za magari, na kwa gari binafsi lenye bima kubwa hiyo asilimia 3.5 ndiyo iliyozoeleka sokoni. Anayekuuzia chini ya hapo ama amepunguza thamani ya gari kwenye fomu bila kukuambia, ama anakuuzia karatasi. (Wazee wanaokumbuka soko kabla ya Sheria ya Bima ya 1996 watakuambia kwamba suala la kuchagua kampuni halikuwapo kabisa Tanzania Bara, shirika lilikuwa moja, la taifa, na malalamiko uliyapeleka kaunta ileile.) Tofauti zenye maana ziko kwenye masharti: ekses, yaani kiasi unachojibebea mwenyewe kila unapodai, kikomo cha fidia ya kioo cha mbele na redio, kama mafuriko na vurugu za mitaani vimo au vinaongezewa ada, kama gari litatengenezwa gereji unayoiamini au ile iliyoteuliwa na kampuni. Kwa mkazi wa Jangwani au Msasani bondeni, sharti la mafuriko ni la kulisoma mara mbili.

Kabla hujaaga kampuni ya zamani, iombe barua ya historia ya madai. Barua hiyo inaeleza umekuwa mteja tangu lini, umedai mara ngapi na umelipwa kiasi gani. Bila hiyo, punguzo ulilojikusanyia kwa miaka ya kutodai linabaki huko, na kampuni mpya itakuchukulia kama mgeni. Mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli wa mteja, hivyo ajali ya mwaka jana ambayo hukuitaja kwenye fomu inaweza kuwa ndiyo sababu ya fidia yako kukataliwa mwaka huu, hata kama haihusiani kabisa na ajali unayodai. Kama gari lina mkopo wa benki, pitia benki kwanza, maana jina la benki limeandikwa kwenye mkataba wa bima, na benki nyingi zina orodha ya kampuni zinazozikubali. Kama una Kadi ya Njano ya COMESA, yaani kadi ya bima ya gari inayotambuliwa nchi jirani, kwa ajili ya safari za Kenya, Zambia au kwingineko, jua kwamba kadi hiyo imefungwa kwenye bima uliyonayo sasa; bima ikifutwa, kadi haina uhai, na utahitaji nyingine kutoka kampuni mpya kabla ya kufika Namanga au Tunduma.

Kukata bima mpya

Peleka nakala ya kadi ya gari, kitambulisho chako, TIN na ile barua ya madai. Kwa bima kubwa gari litakaguliwa. Ukaguzi wa kweli huchukua muda: mkaguzi anapiga picha pande zote nne, anafungua boneti na kusoma namba ya chesisi dhidi ya kadi, anapiga picha dashibodi ikionyesha kilomita, kisha anaandika kila mkwaruzo anaouona. Usikereke na mikwaruzo hiyo kuandikwa. Bampa lililoandikwa kwamba lilikuwa na ufa kabla ya bima kuanza halitaleta ubishi baadaye, lakini mkaguzi aliyepiga picha moja kwa simu akiwa getini amekuachia ubishi wote wewe. Thamani ya gari itajwe kwa bei ya soko ya sasa, si bei uliyonunulia. Ukiizidisha, gari likiibwa utalipwa bei ya soko tu, na ada ya ziada imekwenda. Ukiipunguza, fidia haitavuka kiasi ulichotaja.

Fomu ina sehemu ya tarehe ya kuanza. Isiachwe kwa wakala. Katika mfano wetu, bima ya zamani itakoma mwisho wa tarehe 14 Novemba, hivyo mpya ianze tarehe 15 Novemba tangu usiku wa manane. Kupishana kwa siku moja mbili hakuna madhara zaidi ya kulipia siku hizo mara mbili. Hutalipwa fidia mara mbili kwa ajali moja, kwani kampuni mbili zenye bima ya gari moja hugawana mzigo. Pengo la saa chache ndilo lenye hatari.

Lipa kwa kampuni yenyewe, kwa namba ya malipo au akaunti yenye jina la kampuni, na udai risiti ya EFD. Kanuni ya bima ni kwamba usipolipa ada, huna bima. Ahadi ya wakala kwamba "nimekuwekea, utanitumia mwisho wa mwezi" haikulindi. Baada ya kulipa, fungua tovuti ya TIRA MIS, mfumo wa taarifa wa TIRA, na uhakiki stika kwa namba ya usajili wa gari. Angalia namba ya gari, jina la kampuni, aina ya bima, na tarehe za kuanza na kumalizika. Siku hizi stika ni ya kielektroniki, na trafiki anaangalia kilichomo kwenye mfumo. Ujumbe wa WhatsApp wenye picha ya stika si uthibitisho. Ukiona kosa hata la herufi moja kwenye namba ya gari, lirekebishwe siku hiyohiyo.

Kufuta bima ya zamani

Stika mpya ikishasomeka, andika barua. Isiwe ndefu:

"Mimi mwenye bima namba [andika], kwa gari namba [andika], naomba mkataba huu usitishwe kuanzia mwisho wa siku ya tarehe 14 Novemba 2025. Naomba ada ya muda uliobaki irejeshwe kwa mujibu wa kifungu cha kusitisha mkataba, pamoja na maelezo ya namna kiasi hicho kilivyokokotolewa. Malipo yafanyike kwenye akaunti yenye jina langu. Naomba pia usitishaji huu uingizwe kwenye mfumo wa TIRA na nipewe uthibitisho kwa maandishi."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ubaki nayo. Ukituma kwa barua pepe, ielekeze kwa kampuni na umnakilishe wakala, badala ya kumtumia wakala peke yake. Sentensi ya mwisho ya barua ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana: bima iliyofutwa kwenye jalada la ofisi lakini ikaendelea kuonekana hai kwenye mfumo itakuletea maswali siku ya madai, pale kampuni mpya itakapokuta kuna mwenzake anayepaswa kuchangia. Ajali iliyotokea kabla ya tarehe ya kusitisha inabaki mikononi mwa kampuni ya zamani, hata kama utaidai ukiwa umeshahama, mradi uliitoa taarifa kwa wakati.

Gari likiuzwa

Hapa ndipo ninapoona uzembe mwingi zaidi. Muuzaji anakabidhi funguo, kadi na stika yenye miezi sita, na mnunuzi anaondoka akiamini amepewa bima kama sehemu ya bei. Trafiki akikagua, namba ya gari inakubali na stika iko hai, hivyo hakuna anayeshtuka. Tatizo linajitokeza gari linapogongwa na mnunuzi anapokwenda kudai: mkataba una jina la mtu ambaye hana tena maslahi kwenye gari hilo, na aliye nalo hana mkataba na kampuni. Bima ni makubaliano kati ya kampuni na mtu, na kampuni ilipokubali ada iliangalia pia ni nani anayeendesha na analitumia gari kwa kazi gani.

Kampuni inaweza kukubali kuhamishia bima kwa mmiliki mpya, lakini ni lazima iombwe. Muuzaji anaandika barua ya kuridhia, mnunuzi anajaza fomu yake mwenyewe na kuambatanisha mkataba wa mauziano na kadi yenye jina lake kutoka TRA, kisha kampuni inatoa nyongeza ya mkataba inayobadilisha jina. Inaweza pia kukataa, au kuongeza ada ikiwa gari la familia sasa litafanya kazi ya teksi. Wakati uhamisho wa umiliki ukiendelea TRA, mnunuzi afike kwenye kampuni hiyo na mkataba wa mauziano mkononi kabla ya kuliwasha gari, kwa sababu siku hizo za katikati ndizo zisizo na mwenyewe.

Muuzaji ambaye ana gari jingine ana njia nzuri zaidi: kuhamishia bima yake kwenye gari hilo. Kampuni italikagua, italinganisha thamani na kudai tofauti ya ada kwa siku zilizobaki, na jedwali la muda mfupi halitamgusa kwa kuwa hajajitoa. Aombe stika ya gari lililouzwa ifutwe, na amwambie mnunuzi mapema ili asije akakamatwa Kibaha akionyesha stika isiyokuwapo.

Ada ya kurejeshwa ikichelewa, au ikija ikiwa pungufu bila maelezo, mwandikie meneja wa kampuni ukiambatanisha ile nakala yenye muhuri. Asipojibu, malalamiko hupelekwa TIRA, makao makuu Dodoma au ofisi ya kanda iliyo karibu nawe. Na mgogoro wa fidia unaweza kupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kote huko utaulizwa karatasi zilezile: mkataba kamili, risiti ya EFD, barua ya kusitisha iliyopokelewa, na ukurasa wa TIRA MIS unaoonyesha tarehe ambayo stika mpya ilianza.