Jinsi ya kuzunguka Google Earth bila kupotea, na hasa jinsi ya kuinamisha

Wengi wakifungua Google Earth, ile programu ya kutazama dunia kwa picha za setilaiti, kitu cha kwanza wanatafuta kijiji chao, wanaona bati la nyumba yao kutokea juu, wanafurahi, wanafunga. Jamani hapo bado hujaona kitu, maana kutokea juu hata mlima unaonekana bapa kama chapati, utamu wote uko kwenye kuinamisha, yaani kugeuza mwonekano uangalie kwa upande badala ya kutokea juu, na ndo kunakowashinda watu.

Naongelea ile ya kompyuta, Google Earth Pro, ni ya bure tangu 2015. Tufe likishatokea bonyeza kitufe cha kushoto cha mausi, shikilia, vuta, dunia inafuata mkono wako. Ukiachia huku mkono bado unatembea itaendelea kuzunguka yenyewe, usipaniki, gonga spacebar itasimama. Kusogea karibu zungusha gurudumu la mausi, ila taratibu, ukilisokota kwa nguvu unajikuta katikati ya shamba la mtu na hujui ni mkoa gani. Chini kulia kuna namba inayoonyesha uko juu kiasi gani, zoea kuiangalia.

Sasa tuinamishe. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika -3.07, 37.35 alafu Enter. Ile alama ya kutoa ndo inasema uko kusini mwa ikweta, ukiisahau badala ya Kilimanjaro unatua kaskazini mwa Kenya huko jangwa la Chalbi. Ukifika Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, rudi juu mpaka namba isome kama kilomita 20, shikilia Shift, bonyeza kitufe cha kushoto, vuta mausi juu au chini polepole mpaka uone upeo wa macho unatokea. Mlima unanyanyuka hapo hapo! Bado umeshikilia Shift, vuta kwenda pembeni, unauzunguka mlima mzima, unaona shimo la Kibo, mabaki ya barafu, na upande wa mashariki kilele cha pili, Mawenzi, na meno yake, mita 5,149. Kama mlima umegoma kunyanyuka, angalia orodha ya matabaka (Layers) kushoto, pale Terrain pawe na tiki.

Mama yangu kakulia Marangu, chini ya Kilimanjaro. Nilimwonyesha kwao kutokea juu akaniangalia tu, akasema mwanangu mi naona migomba. Nikashuka chini kabisa, nikainamisha, nikageuza kuelekea kaskazini mpaka Kibo ikakaa kushoto na Mawenzi kulia, akasogeza kiti akagusa skrini na kidole, "hivi ndivyo unavyoonekana ukiwa uani kwetu".

Ukipotea, yaani kaskazini hujui iko wapi na skrini nzima ni anga tupu, bonyeza R, kila kitu kinarudi sawa. N inarudisha kaskazini juu tu, U inaondoa mwinamo tu. Lakini kwanza gonga mara moja juu ya tufe lenyewe, la sivyo herufi inaenda kuandikwa kwenye kisanduku cha kutafutia na utadhani kibodi imeharibika. Na kama inakukera kuinama yenyewe kila ukisogea karibu na ardhi, fungua mipangilio, sehemu ya Navigation, uzime.

Kwenye simu ni vidole viwili: tanua kusogea karibu, zungusha kugeuza, vitelezeshe vyote pamoja juu au chini kuinamisha. Picha ikija ya ukungu subiri kidogo, bado inashuka, na hapa bando linaliwa kwelikweli kwaiyo kama kuna waifai tumia hiyo.

Ukipata mwonekano uliokukosha weka pini hapo hapo kabla hujagusa kitu kingine, maana pini inakumbuka na mwinamo na upande uliokuwa unaangalia. Ya mama nimeiita Uani, akija namgongea mara mbili tu tunaruka mpaka pale.