Masuku ya pori: angalia muti mbele ya kula

Bandugu, mvua imeanza na batoto banaingia mu pori ya miombo pembeni ya Lubumbashi kutafuta masuku, tunda tamu ya pori, basi mubafundishe kuangalia muti kwanza. Muti ya masuku iko na majani makubwa magumu, ya mviringo ku ncha, yanajikusanya ku mwisho wa tawi, na tunda ikiiva inakuwa manjano ya kuelekea kahawia, ganda inavunjika na vidole, ndani nyama tamu ya manjano na mbegu 3 ao 4. Muti ingine haizalake hata moja, ile ni dume. Muokote zenye zilianguka, ya mubichi inakaushaka kinywa. Kama majani haifanane, tafazali musionje, hata kama ndege banakula, muulize kwanza bamama benye kuuzisha ku barabara.